Kikiruka, Kiwe na Mwenyewe

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Dayton, Ohio. Wengi walikuwa kazini zamu ya Jumamosi, wakaniomba niiandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Ndugu zetu wa Uvira na Bukavu, jambo sana. Vijana mliokaa kule karibu na mlango, sogeeni mbele, maana leo ninyi ndio wenye shughuli.

Nimeombwa niseme habari za droni, hizi ambazo nyumbani wengi wanaziita ndege nyuki, pamoja na ndege za mfano zinazorushwa kwa rimoti. Mnajua kwa nini nimeombwa. Baada ya Krismasi kijana wetu mmoja wa miaka 14 alikuwa anarusha droni yake kwenye maegesho ya magari, nyuma ya nyumba wanazokaa. Jirani akapiga simu, askari akaja. Hakufoka, wala hakumkamata mtu. Aliinama, akaiokota ile droni, akaigeuza juu chini, akaitazama ubavu huu na ubavu ule, kisha akauliza: "Hii ni ya nani?"

Mama wa kijana alitoka na kanga mabegani, theluji imejaa chini, akajibu, "Ni ya mwanangu." Askari akamwambia, "Mama, naulizia namba. Namba yake iko wapi?" Mama hakujua kwamba kuna namba. Kijana naye hakujua. Na mimi niliyepigiwa simu usiku ule, kwa kuwa wote mnajua napenda mashine, nilikuwa najua nusu tu. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza, nimejisajili mwenyewe, na nimekuja na majibu.

Lakini lile swali la askari lishikeni. Hii ni ya nani? Tutarudi kwake mara nyingi.

Ndugu zangu, tuko Dayton. Sijui mji mwingine wenye haki kubwa kuliko huu ya kuzungumzia jambo hili. Mwaka 1878 Askofu Milton Wright alirudi nyumbani kutoka safari, kuna kitu amekificha viganjani. Wanawe Wilbur na Orville, mmoja ana miaka 11 na mdogo hajafika 8, hawakupata nafasi ya kukitazama, kwa sababu baba alikirusha juu palepale. Walidhani kitaanguka. Hakikuanguka, kilipanda mpaka kikagonga dari. Kilikuwa kitu cha kizibo, mianzi na karatasi, kinachozungushwa na uzi wa mpira uliosokotwa. Mikononi mwa watoto hakikudumu. Kilipovunjika waliunda vingine, wakakua, wakafungua duka la baiskeli hapahapa mjini, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka. Kisha mwaka 1904 na 1905 wakarudi kunoa ufundi wao pale Huffman Prairie, nje kidogo ya mji, mahali ambapo baadhi yenu mnapita mkienda kazini.

Nani basi atakayesimama mbele yenu na kuwaambia droni ni upuuzi wa watoto? Si mimi. Mzazi uliyemnunulia mwanao ndege ya kuchezea, umefanya alichofanya Askofu Wright. Sikuja kumnyang'anya mtu kitu.

Ila nawauliza. Ndege ile ya 1903 ilikuwa na namba ya usajili? Haikuwa nayo. Orville alikuwa na leseni? Hakuwa nayo. Nchi hii ilikaa miaka 23 tangu ndege ya kwanza iruke mpaka ilipotunga sheria ya kusajili ndege na kuwapa marubani leseni, mwaka 1926. Na miongoni mwa walioiomba sheria ile mlikuwamo wenye ndege wenyewe! Walichoka kuona watu wanakufa na abiria wanaogopa kupanda. Leseni ya rubani namba moja aliletewa Orville Wright, kwa heshima. Akaikataa, kwa sababu alikuwa ameshaacha kurusha. Ikaenda kwa William MacCracken, mkuu mpya wa mambo ya anga serikalini, mwaka 1927.

Wazee mnakumbuka baiskeli za zamani. Babu yangu Korogwe alikuwa na baiskeli nyeusi, na kwenye fremu, chini ya kiti, palikuwa na kibati kidogo chenye namba, leseni ya mwaka. Babu alikisugua kile kibati kwa majivu mpaka kikang'aa kuliko kengele. Sisi watoto tulidhani ni pambo. Siku moja baiskeli iliibwa sokoni, ikapatikana kijiji cha tatu. Mwizi alikuwa ameshaipaka rangi, lakini kibati hakukiona chini ya matope. Ilirudi nyumbani kwa ile namba.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Nitakwenda polepole ili mwenye kuandika aandike.

Januari 2015 droni ndogo ilianguka usiku kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani, Washington. Mwenyewe alijitokeza, hakuwa na nia mbaya, ilimponyoka. Mwaka uleule droni zilikuwa zinauzwa kwa wingi madukani, na marubani wa ndege kubwa wakawa wanapeleka taarifa kila mara kwamba wameziona karibu na viwanja vya ndege. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba 2015, kila anayerusha kwa kujifurahisha chombo chenye uzito wa zaidi ya gramu 250 na chini ya kilo 25 lazima ajisajili. Droni, ndege ya mfano, helikopta ya rimoti, vyote humo.

Ada ni dola 5. Inadumu miaka 3. Na sikilizeni, maana hapa wengi hukosea: anayerusha kwa kujifurahisha hasajili kila chombo. Anasajili jina lake, anapewa namba moja, na namba hiyo anaiandika kwenye vyombo vyake vyote. Ukiwa na droni moja ni dola 5, ukiwa na ndege za mfano 10 ni dola 5 zilezile. Namba iandikwe nje, mahali inapoonekana bila kufungua chochote. Zamani iliruhusiwa kuwa ndani ya kifuniko cha betri, ila tangu Februari 2019 ni nje. Kalamu ya wino usiofutika inatosha.

Umri ni miaka 13 kwenda juu. Mtoto wa chini ya hapo, mzazi ndiye anayesajili. Kuna na mtihani mdogo mtandaoni uitwao TRUST, wa bure, ukikosea swali unaelezwa kosa lako na kujibu tena. Huo ni kwa kila anayerusha kwa kujifurahisha, hata wa droni nyepesi. Unapotoka kwenda kurusha, beba cheti cha usajili na cha mtihani, kwenye karatasi au kwenye simu. Ruka chini ya futi 400, na chombo usikipoteze machoni. Na sisi wa Dayton tuna jirani mkubwa, kituo cha jeshi la anga cha Wright-Patterson. Anga lake halirukwi ovyo. Fungua huduma ya B4UFLY kwenye simu uone uliposimama kunaruhusiwa au la, kabla hujawasha hata betri.

Asiyejisajili? Faini ya kiraia inaweza kufika dola 27,500. Likiwa kosa la jinai, hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 3. Simaanishi mtoto wa maegeshoni atafungwa. Namaanisha dola 5 na dola 27,500 si majirani.

Mama mmoja hapa, hataki nimtaje, alitafuta mtandaoni "sajili droni", akabonyeza jina la kwanza lililotokea, akalipa mara kumi ya ada ya serikali kwa watu wa kati ambao hata cheti hawakuleta. Anwani ya serikali mwisho wake ni nukta gov. Ukiona mwisho mwingine, toka.

Na hizo gramu 250 zimetoka wapi? Niliuliza hivyohivyo. Mwaka 2015 iliundwa kamati ya watu wa serikali, viwanda na vyama vya warushaji, wakapiga hesabu. Kitu cha gramu 250 kikianguka kutoka juu sana kinafika chini na nguvu ya karibu jouli 80, na nguvu hiyo ikimpata mtu kichwani inaweza kuua. Mpaka huo uliwekwa kwa kufikiria kichwa cha mtu, ndugu zangu. Kichwa cha mtoto wa jirani aliyekaa kwenye bembea.

Viwanda navyo vikaunda droni za gramu 249. Japani, mpaka wao ulipokuwa gramu 200, ililetewa ya gramu 199. Wakashusha mpaka hadi gramu 100 mwaka 2022. Vijana wangu wanapenda hizo za 249, wananiambia, "Anko, hii haihitaji usajili." Ni kweli, kama ni ya kujifurahisha tu. Basi Jumapili iliyopita nilimwita mmoja wao jikoni kwangu. Mke wangu ana mzani wa kupimia unga wa maandazi. Tukaweka bakuli, tukarudisha sifuri, tukaiweka droni. 249. Kijana akatabasamu. Nikamwambia, "Sasa ipime kama unavyoirusha." Akaweka vizuizi vya pangaboi, vile vya plastiki vinavyolinda vidole. Akabandika taa mbili za usiku. Akapachika betri ile kubwa aliyonunua baadaye ili iruke dakika nyingi. Namba kwenye mzani ikapanda, ikapanda, ikasimama gramu 318. Hakusema neno. Alichukua simu yake, akajisajili palepale kwenye meza yenye unga.

Ndugu zangu, nataka sasa niwapeleke New York.

Tarehe 21 Septemba 2017, jioni. Viongozi wa dunia wamekusanyika Umoja wa Mataifa, anga la mji limewekewa masharti. Helikopta mbili za jeshi aina ya Black Hawk zinapita karibu na Staten Island, chini chini, kama futi 300. Ghafla mlio. Kitu kimeipiga moja. Rubani anaipeleka New Jersey, wanatua salama. Wanakagua. Pangaboi kuu limebonyea inchi moja na nusu, sehemu nyingine zimepasuka, na ndani ya mwili wa helikopta kumebaki mota moja ndogo ya droni na kipande cha mkono wake.

Wachunguzi wakaishika ile mota wakajiuliza. Wakajiuliza nini?

Nasikia mnajibu. Hii ni ya nani!

Kwenye mota palikuwa na namba ya kiwandani. Wakaipeleka kwa watengenezaji, wakafuata rekodi ya mauzo, wakafika mlango wa mtu mmoja Brooklyn. Huyo bwana hakuwa na habari. Jioni ile alikuwa ameirusha droni yake mpaka kama maili 2 na nusu kutoka aliposimama, haioni kabisa, anatazama kioo tu. Picha ikakatika. Akangoja irudi, haikurudi, akadhani imeharibika imeanguka majini, akaenda zake nyumbani. Alijua kwamba alikuwa ameigonga helikopta yenye askari ndani pale wachunguzi walipomtafuta.

Nimeisoma taarifa ile mara nyingi kuliko nyingine zote. Mtu yule hakuwa jambazi. Alikuwa kama sisi, mpenda droni, jioni nzuri, bahari mbele yake. Na angeweza kuua watu akalala usingizi bila kujua. Sasa fikiria kama ile mota ingetumbukia majini. Kungekuwa na pangaboi lililobonyea na swali lisilo na jibu. Na swali lisilo na jibu hutafuta wa kulibeba. Mnajua huwa linamtua nani kwanza mtaani, ninyi mnaokaa nchi hii na lafudhi kama yangu. Linamtua mgeni. Mimi nataka kijana wetu awe na karatasi mfukoni ya kuonyesha, "Yangu ni hii, namba yake ni hii, na jioni ile ilikuwa kabatini."

Kisa cha pili ni cha juzi tu. Januari 2025, Los Angeles inaungua. Kutoka Quebec, Kanada, zimekuja ndege za kuchota maji, kila moja inabeba zaidi ya lita 6,000, zinashuka baharini kuchota na kurudi motoni. Tarehe 9, mtu mmoja anapanda ghorofa ya juu ya jengo la maegesho Santa Monica, anarusha droni yake kwenda kutazama moto. Anga limefungwa. Inaenda zaidi ya maili moja, anaipoteza. Droni inatoboa bawa la kushoto la ndege ya zimamoto. Ndege ikasimamishwa ardhini kutengenezwa wakati nyumba za watu zinateketea. Vipande vya droni vikaokotwa, vikafuatiliwa, mwenyewe akapatikana, akakiri mahakamani. Akakubali kulipa dola 65,169 na kufanya saa 150 za kazi za jamii. Kwa ajili ya picha ya moto.

Sasa kuna mkono kule nyuma tangu nianze. Mzee wetu wa Kalemie anasema, nami namnukuu kwa ruhusa yake: "Sisi tumekimbia serikali zilizoandika majina ya watu ili ziwafuate usiku. Leo unatuambia tukajiandikishe?"

Mzee, nakushukuru, na sitalijibu swali lako kwa haraka.

Jibu langu la kwanza ni habari ya mtu anayeitwa John Taylor. Alikuwa mrushaji wa ndege za mfano, mkazi wa eneo la Washington. Usajili ulipoanza Desemba 2015 alikasirika. Hakuwa na hasira ya bure. Mwaka 2012 Kongresi ilitunga sheria iliyosema wazi kwamba FAA isitunge kanuni yoyote juu ya ndege za mfano za kujifurahisha. Halafu miaka mitatu baadaye FAA hiyohiyo inamwambia ajisajili. Taylor alifanya nini? Hakujificha kwenye bonde akarusha usiku. Hakubandika namba ya uongo. Alikwenda mahakamani, akasimama mwenyewe bila wakili, dhidi ya serikali ya Marekani.

Tarehe 19 Mei 2017 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikamwambia: umeshinda. Hukumu iliandikwa na Jaji Brett Kavanaugh, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu kabisa ya nchi. Akasema sheria ya Kongresi inaeleweka, na kanuni ya usajili inaivunja. Usajili wa warushaji wa kujifurahisha ukaanguka. Serikali ikafungua njia ya kuwarudishia watu dola zao 5 na kufuta majina yao. Hebu fikirini! Raia mmoja mwenye ndege za mfano alifuta daftari la serikali.

Haukwisha hapo, na mwisho wake nao ni wa haki. Desemba 2017 Kongresi yenyewe, wale waliochaguliwa kwa kura, ikatunga sheria ya kurudisha usajili. Mwaka 2018 ikaiondoa ile sheria ya 2012 na kuweka nyingine. Kwa hiyo usajili tunaoutii leo umesimama juu ya sheria iliyopita bungeni. Mimi nautii kwa moyo mweupe kwa sababu hiyo. Ulipokuwa hauna msingi, mtu aliupinga mchana kweupe akashinda. Ulipopata msingi, ukarudi.

Mzee wangu, serikali zile ulizozikimbia hazikuwa na mahakama ya namna hiyo. Simwambii mtu aiamini serikali kwa macho yaliyofumbwa. Namwambia kwamba hapa kuna mlango wa kupingia, na mlango huo humfungukia aliyekuja na karatasi zake. Aliyejificha ataanza kwanza kueleza kwa nini alijificha.

Jibu la pili ni la kujua nini hasa kinaonekana. Siku hizi kuna rimoti aidii, yaani droni inajitangaza yenyewe hewani inaporuka. Masharti yake yameanza kusimamiwa kikamilifu tangu tarehe 16 Machi 2024, kwa kila chombo kinachotakiwa kusajiliwa. Mtu yeyote mwenye simu na programu yake anaweza kuona namba ya kitambulisho cha droni, iko wapi, iko juu kiasi gani, na aliyeshika rimoti amesimama wapi. Jina na anwani ya nyumbani havitangazwi, hivyo viko kwa mamlaka. Je, hili la kuonyesha mahali aliposimama mrushaji linanipendeza? Hapana. Binti yangu anarusha peke yake uwanjani, na sipendi mtu asiyemjua afuate alama kwenye simu mpaka alipo. Kuna warushaji waliolipeleka hili mahakamani pia, wakashindwa mwaka 2022. Nimeamua hivi nyumbani kwangu: binti harushi akiwa peke yake. Nanyi wazazi nawasihi mfanye hivyo.

Wenye ndege za mfano za zamani ambazo hazina chombo hicho wana mahali pa kupumulia. Viko viwanja vilivyotambuliwa na FAA ambapo unaruka bila rimoti aidii, vingi ni vya klabu za Academy of Model Aeronautics, chama cha tangu 1936. Makao yao yako Muncie, Indiana, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka hapa, na wana makumbusho ya ndege za mfano. Tukikodi basi moja kiangazi, watoto wetu wataona mambo. Nimeshapiga simu kuulizia bei ya basi.

Jambo la harusi sasa. Hapa naomba tusikilizane, maana najua nitawagusa wengi.

Sheria ya kujifurahisha ni ya kujifurahisha. Siku unaporusha droni kupiga picha za harusi kwa malipo, umetoka kwenye kujifurahisha. Unaingia sheria nyingine, ile ya Sehemu ya 107, iliyoanza Agosti 2016. Huko unatakiwa uwe na miaka 16 au zaidi, ufanye mtihani wa maswali 60 na kupata asilimia 70, ada ya mtihani dola 175, na kila droni inasajiliwa peke yake, hata ile ya gramu 249. Na hata kama hukulipwa! Mchungaji akikwambia, "Kijana, tupigie picha za ubatizo ziwani tuweke kwenye ukurasa wa kanisa," hiyo ni kazi. Imam akikuomba picha ya juu ya msikiti kwa ajili ya harambee, hiyo ni kazi. Sahani ya pilau haigeuzi kazi kuwa mchezo.

Nimeona kwenye sherehe moja, sitasema ya nani, droni ikishuka juu ya vichwa vya akina mama wanaocheza kumkaribisha bibi harusi. Vitambaa vinapeperuka, watoto wanaruka kuikamata. Nilisimama nimeshika glasi ya juisi, siwezi kunywa. Nilikuwa nahesabu jouli. Wazazi wa maharusi, mnapomwajiri mpiga picha, muulizeni cheti chake cha 107 kama mnavyomuuliza bei. Na ninyi vijana wenye kipaji, mimi nitawasomesha mtihani ule bure, kila Alhamisi saa moja jioni, hapahapa ukumbini. Wapo watu mji huu wanalipwa vizuri kukagua mapaa na minara kwa droni. Kwa nini wasiwe wetu?

Kuhusu vibali vya ukaaji, nimeulizwa sana pembeni. Raia na mwenye kadi ya kijani hupata cheti cha usajili kamili. Asiyekuwa mmoja wa hao naye hupitia mlango uleule, ila cheti chake kinahesabiwa kuwa utambuzi wa umiliki. Namba anapata.

Na wanaosafiri nyumbani Desemba, namba ya Marekani haivuki bahari. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka yao ya anga, na droni inahitaji kibali cha kuingizwa nchini kabla hujapanda ndege. Tanzania vilevile utaomba kibali cha mamlaka ya anga, na wizara ya ulinzi nayo inahusika. Mpwa wangu hakuomba. Alishuka kwenye uwanja mmoja nyumbani na droni begani kama zawadi kwa wadogo zake, ikachukuliwa, akapewa risiti. Siku ya kurudi aliambiwa mwenye ufunguo wa ghala hayupo. Alilia ndege nzima, kijana wa miaka 20. Ombeni kibali mapema, au iacheni hapa.

Nimesema mengi na chakula kinapoa. Pale kwenye meza ya kushoto kuna kompyuta mbili zenye tovuti ya serikali tayari imefunguliwa, kuna kalamu nyeusi za wino usiofutika, na kuna mzani wa mke wangu, bado una unga unga pembeni. Yule kijana wa maegeshoni yuko hapa na mama yake, ameleta droni yake kwenye mfuko wa plastiki. Njoo, baba, uwe wa kwanza. Iweke hapo juu, na betri yake, kama unavyoirusha.